Sukari ya Kasongo

Wivu ni ugonjwa, wenzangu, na mimi nilikuwa mgonjwa wa kulazwa. Tangu mke wangu Regina aanze kwenda foyer, darasa la akina mama hapa Élisabethville, bukari, ugali wetu, haishuki kooni bila jina la Kasongo, muuguzi anayewafundisha. Kasongo anajua hiki, Kasongo kasema kile.

Jumamosi nilivaa shati ambalo Regina mwenyewe alilitia amidoni, wanga wa kukazia nguo, likasimama kama bati, nikaenda kutega sikio dirishani. Sauti ya Kasongo ilikuwa nyororo: "Sukari inashika sukari yenzake, haiachi tena. Mu maji ya moto, pale pale, banafikiri uzima ilianzia."

"Rudilia tena, muwalimu," akasema Regina.

Sukari! Kwa mke wangu! Nikabamiza mlango, nikairukia meza, chupa ya yodi, ile dawa ya kahawia ya vidonda, ikanimwagikia kifuani.

Darasa zima lilikuwa limekaa, bukari kwenye sahani ikingoja kupimwa kwa yodi. Kumbe Kasongo alikuwa akieleza amidoni ni nini: sukari nyingi zilizoshikana mlolongo mmoja. Huenda milolongo ya namna hiyo ndiyo iliyoukumbatia uhai, kabla hajakuwako mnyama yeyote.

Nikatazama shati. Kifua kizima kilikuwa bluu, karibu cheusi.

"Muangarie, ba mama," Kasongo akasema kwa upole. "Fasi kuko amidoni, yodi inakuwa bulu. Aksanti, tata. Nani anamujua huyu tata?"

Wote wakamgeukia Regina.

"Shati najua, nilitia amidoni miye mwenyewe," akasema. "Muntu, hapana."