Niliwauliza watoto wa Taveta "kwenu wapi?" wakakimbia wote, ikabidi mbuzi awarudishe

Wakuu wa jukwaa, habari za mchana. Vijana, shikamoo zenu nimezipokea hata kabla hamjazitoa.

Ninayoandika hapa yamenitokea mwenyewe. Asiyeamini aje Rau aulizie bucha la Baba Neema, hata bodaboda aliyeanza kazi jana atamleta.

Kwanza mnijue. Shule niliishia darasa la nne. Nikaanza kuosha utumbo machinjioni, nikapanda cheo nikawa nabeba mapaja mgongoni, halafu nikashika kisu. Leo nina mabucha matatu, Canter yangu mwenyewe, na nyumba Kilema yenye vigae mpaka bafuni. Sikurithi hata kinoleo.

Sisemi haya kujisifu. Sawa, najisifu kidogo, nimeyatolea jasho.

Sasa twende.

Jumuiya yetu ya sala hapa mtaani ina utaratibu wa kuvuka mpaka wa Holili kwenda Taveta, upande wa Kenya. Kule kuna mama mmoja, Mama Wakesho, anaishi na watoto waliokuwa wanalala sokoni na kwenye maegesho ya malori. Nyumba ya kupanga, haina hata kibao getini. Akina mama wetu wanaenda kujitolea: wanafua, wanapika, wanasuka watoto nywele, wanasali nao, wanarudi.

Mimi nilikuwa mtu wa kutoa nyama na mafuta ya gari. Nikitoa natoa kweli, kila mtu anajua.

Siku moja mwenyekiti wetu, Mama Aika, akanisimamisha mbele ya watu wote.

"Baba Neema, utatuma nyama mpaka lini? Nyama haina mdomo wa kuongea na mtoto. Njoo mwenyewe."

Nikaona ananichokoza. Nikaenda.

Ilikuwa Desemba. Nikapakia Canter mikungu ya ndizi na mablanketi, ikajaa mpaka juu. Tumefika, watoto wakatoka kupokea mizigo. Kati yao kuna binti anaitwa Mwende, mdogo tu, lakini ndiye kama msimamizi wao. Mgongoni ana mdogo wake, Musa, anaumwa kifua, yuko kwenye dawa ambazo daktari alisema asikatishe hata siku moja.

Sasa Wachagga wenzangu mnajua. Desemba ikiingia, watu wanarudi mlimani, swali letu ni moja tu: kwenu wapi? Unamuuliza jirani, unamuuliza fundi, unamuuliza hata trafiki aliyekusimamisha. Akisema Marangu au Kibosho story imeanza, mtatafutana mpaka mkute mna shangazi mmoja. Kwetu hiyo ni salamu kabisa.

Basi nikapanda juu ya Canter na hii sauti yangu ya machinjioni.

"Haya, blanketi, mmoja mmoja! Wewe kwenu wapi? Na wewe kwenu wapi?"

Watoto wakaanza kurudi nyuma.

Mwende akaniangalia, akaiangalia Canter, akaniangalia tena. Akasema anampeleka mdogo wake chooni.

Tulipopakua chakula sufuria zilikuwa zimejaa na nyumba haina mtoto hata mmoja.

Mama Wakesho akanijia. "Mzee, umewauliza nini hawa watoto?"

"Nimewasalimia tu."

"Umewasalimia aje?"

Nikamwambia. Akakaa juu ya ndoo, mikono kichwani.

"Woi! Hapa lori likikuja na mwanaume anauliza kwenu wapi, wanajua wanabebwa. Walishabebwa hivyo, ati wanarudishwa kwao, wakaenda kutupwa huko mbali. Wamehepa juu yako, mzee, wamekuogopa. Na Musa hajakunywa dawa!"

Wakuu, mimi nimezoea kuitwa bosi. Nikaenda sokoni kuwatafuta, kila mtoto akiniona anayeyuka kama barafu. Mama Aika badala ya kunionea huruma anasema, "Leo umepata wateja wasiotaka nyama yako."

Hilo neno likaniingia. Na ndilo lililonipa akili.

Kwetu mlimani mbuzi hagawiwi hovyo. Kila mtu wa ukoo ana sehemu yake. Hata uwe Dar, hata uwe umegombana na wote, sehemu yako inakatwa na inawekwa. Ukiona husikii tena habari ya nyama yako, ujue umeshafutwa kwenye ukoo.

Nikaipaki Canter mbali, huko kwenye kituo cha mafuta. Nikanunua mbuzi mnono pale pale Taveta, nikamchinja uani kwa Mama Wakesho. Yeye anataja jina, mimi nakata, nachoma, nafunga kwenye jani la mgomba. Musa nikamwekea ini, maana mgonjwa. Mwende nikamwekea kidari, sehemu ya mtu wa heshima, kwa sababu huko nje yeye ndiye mama yao.

Akina mama wakaenda sokoni bila mimi, na neno moja tu: nyama yako ipo, imekatwa kwa jina lako.

Nikakaa kando ya moto nangoja.

Wa kwanza, Baraka mwenyewe, akachungulia kwenye ua. "Ya Baraka iko?"

Nikainua kifurushi. "Hii hapa."

Akaila amesimama getini, tayari kukimbia. Akaja mwingine. Wakaja wawili.

Jua linaelekea kuzama ndipo akatokea Mwende, Musa mgongoni. Hakunisalimia. Akashika kile kidari, akanikazia macho.

"Na kama singekuja?"

"Ingekaa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka uje. Sehemu ya mtu hailiwi na mwingine."

Akafikiri. "Ingeoza."

"Ningeikausha."

Akacheka! Mama Wakesho hapo hapo akamdaka Musa na kijiko cha dawa.

Siku hizi sikosi safari hata moja. Ya juzi nimeshuka tu, nikamkuta Mwende getini, mikono kiunoni, anaiga sauti yangu:

"Haya, mmoja mmoja! Mzee, wewe kwenu wapi?"

Watoto hoi kwa kicheko. Nikamwonyesha mlima, kutokea pale unaonekana vizuri. "Kilema, kule. Na wewe?"

Swali lile lile, wakuu, ila safari hii kwa sauti ya chini.

Akaonyesha nyumba kwa kidevu, kama anashangaa ujinga wangu.

"Si ni hapa? Si ndiko nyama yangu inawekwa?"

Nilichojifunza mimi wa darasa la nne: kutoa nilikuwa najua siku zote. Kumwekea mtu, hata akiwa amekukimbia, nimejulia Taveta.

Haya, Wachagga mnaotaka kunibishia kidari ni cha nani, uwanja ni wenu. Watu wa Taveta mliomo humu, nirekebisheni nilipokosea. Na anayetaka kuvuka na sisi aje buchani, ila ajue Canter tunaipaki mbali.