Hodi Kwenye Hekalu la Wahindi

Katika ghorofa ninamoishi sasa, mtaa wa Cedar-Riverside, kila Ijumaa mchana korido yetu hunukia udi. Majirani zangu wengi ni Wasomali, na mama wa mlango wa tatu huufukiza kabla wageni wake hawajafika. Harufu hupita chini ya mlango wangu bila ruhusa, na hapo hapo vidole vyangu vya miguu huanza kuchezacheza ndani ya soksi. Nakuwa na miaka kumi na moja tena. Nimebanwa ndani ya basi dogo la kanisa, ubavuni mwa baba yangu aliyevaa suti yake ya harusi, na ninaomba kwa Mungu gari liharibike.

Niwaambie ilivyokuwa, maana kosa lilikuwa langu na sijawahi kulisimulia lote.

Tulikuwa tunaishi Oakdale, pembeni ya Saint Paul, mwaka wa tatu tangu tutoke kambi ya wakimbizi. Mama alifua mashuka ya hospitali, Papa alikata kuku kiwandani. Kiingereza chao kilitosha salamu na hali ya hewa, kwa hiyo mimi Faida, kifunguamimba, ndiye niliyekuwa mdomo wa nyumba. Barua ikija, iwe ya shule, ya daktari au ya wenye nyumba, Papa aliiweka mezani, akavuta kiti, akasema neno moja tu: "Soma." Nilisoma kwa Kiingereza, kisha nikatafsiri. Neno nisilolijua nililikisia, na nilikisia bila kupepesa macho. Papa alikuwa shemasi, mtu ambaye watu wazima walinyamaza akisimama kuomba, na sasa yeye ndiye aliyeninyamazia mimi. Utamu wa jambo hilo siwezi kuuficha. Nisingesema "sijui" hata kwa fimbo.

Siku moja, majira ya kuchipua, nililetewa barua kutoka kwenye kikundi cha watoto tuliokuwa tukisaidiwa kazi za shule jioni kanisani. Mwalimu wetu, Miss Karen, alitaka kutupeleka Saint Paul siku ya Jumamosi, kwenye mwinuko juu ya mto, kuona mahali patakatifu pa kale pa watu ambao barua iliwaita "Indian". Mimi nikajua Indian ni Mhindi. Patakatifu, kwa binti wa shemasi, ni hekaluni. Na kama ni pa kale, basi patakuwa pamebomoka. Nikakohoa kidogo kama mhubiri, nikamsomea Papa: "Watoto watatembelea magofu ya hekalu la kale la Wahindi."

Papa akainua uso. "Bahindi? Bahindi bako hata huku?"

"Wako, Papa. Tangu zamani sana."

Akasimama. Akaketi. Akasimama tena, akaenda dirishani. Papa hakuwa mtu wa kutulia. Tangu vita, hata kanisani alikaa karibu na mlango, na nadhani nilirithi kwake hii miguu isiyolala. Lakini siku ile alizidi. Alizunguka meza mara mbili, kisha akasema, "Nitaenda na ninyi."

Hapa lazima niwaeleze habari za Manubai. Kule Uvira, mjini kwetu, Papa alikuwa akiuza vitenge katika duka la Mhindi wa jina hilo. Nilichojua utotoni ni hiki tu: vita vilipoingia mjini, Manubai alituficha dukani kwake siku nne, katikati ya majora ya vitambaa, mimi nikiwa mtoto wa mgongoni. Papa alipotaka kumshukuru alikataliwa. Manubai alimwambia, usinishukuru mimi, siku utakapoliona hekalu letu ingia uwashe udi, inatosha. Uvira hapakuwa na hekalu la Wahindi. Kambini wala usiulize. Papa akazunguka nchi tatu na shukrani isiyo na pa kuiweka, mpaka binti yake akamsomea barua.

Siku ya pili alirudi na pakiti nyekundu ya vijiti vya udi kutoka duka la Wahindi, akanionyesha jikoni kama mtu aliyeiba. Ilibidi aifiche. Mama alikuwa mwanamaombi, na kwa Mama udi ulikuwa wa kuita mapepo. Kisha akaitoa suti ya harusi kwenye sanduku, inanuka dawa ya nondo, akaitundika bafuni ili mvuke uinyooshe. Mama akamuuliza anaenda kumwoa nani. Papa akasema anaenda mahali pa heshima.

Mimi nami sikukaa bure. Niliwatangazia rafiki zangu wawili, Sifa na Asende, kwamba tutaona tembo wa mawe na nguzo za dhahabu. Dhahabu niliiongeza mwenyewe. Sifa akaazima simu ya dada yake kwa ajili ya picha. Asende, mvulana asiyejua kunong'ona, akaapa atampanda tembo mkubwa kuliko wote.

Alhamisi Miss Karen akatuonyesha picha. Palikuwa na nyasi, vilima vya mviringo vya kijani, na uzio wa chuma. Basi. Akaeleza kwamba wale si watu wa India. Ni watu waliokuwa hapa kabla ya wote, na jina la Indian walibandikwa na mabaharia waliopotea njia wakadhani wamefika Uhindini. Asende akanigeukia, macho yamemtoka. Mimi nilikuwa natazama kamba za viatu vyangu. Kosa langu, kumbe, lilishafanywa zamani na watu wazima wenye meli, lakini hilo halikunifariji.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeamua kusema. Nikamkuta Papa anapiga viatu rangi. Amevipanga juu ya gazeti, anaimba wimbo wa kanisa kwa pua. Nikaenda chooni. Nikarudi. Nikaenda kunywa maji, nikarudi, nikasimama. "Unataka nini?" akaniuliza. Nikasema nataka kujua kama amekula. La kuvunda halina ubani, wahenga walisema, na mimi nililiacha langu livunde Alhamisi yote na Ijumaa yote. Nikisema, barua ijayo atampelekea nani? Kulikuwa na kijana mmoja kanisani, mwanafunzi wa chuo, Kiingereza chake safi, aliyekuwa akijitolea kila mara kusaidia wazee. Nilimchukia kijana yule bila kosa.

Jumamosi ikafika. Miss Karen aliendesha, sisi watoto tisa nyuma, Papa katikati yetu na tai. Siti haikukalika. Nilikuwa kama niliyekalia siafu. Nilisema tumbo linaniuma, Papa akaniambia nijikaze. Nilisema nataka kukojoa, Miss Karen akasimama kwenye kituo cha mafuta, nikaingia chooni na kukaa mle mpaka Sifa akaja kugonga. Barabara iliyobaki ikawa fupi mno. Papa alikuwa akiugusagusa mfuko wa koti kuhakikisha pakiti ipo, na kila alipoigusa harufu ilitoka, nami nikatazama nje.

Tuliposhuka, upepo wa mtoni ulitupiga usoni. Chini palikuwa na reli na maji ya kahawia, mbali kidogo ghorofa za mjini, na ndege ndogo zilikuwa zikipaa. Mbele yetu vilima vya nyasi, sawasawa na picha. Papa akajinyoosha, akafunga kifungo cha koti, akaangaza kushoto na kulia akitafuta hekalu.

"Faida, hakuna tembo," Asende akatangaza. "You lied."

Miss Karen akaanza kueleza, kisha akanigeukia kwa upole. "Mwambie baba yako," akasema kwa Kiingereza. Watoto wote wakanitazama. Niseme ukweli, hata pale nilipata wazo. Ningeweza kusema hekalu limefunikwa na udongo, Papa, liko chini, washa tu udi. Angeamini. Angewasha, angeshukuru, angerudi nyumbani na amani yake, na mimi na kiti changu cha msoma barua. Uongo ule ulikuwa ulimini, umeiva.

Lakini nilimwona ameshaitoa pakiti, ameishika kwa mikono miwili, na sauti ikanitoka yenyewe.

"Papa, si Wahindi. Nilikosea kusoma. Hakuna hekalu. Ni makaburi."

"Makaburi ya nani?"

"Ya wenyeji. Wenye nchi hii, wa kwanza kabisa. Wajukuu wao wapo, bado wanakuja. Ndiyo maana haturuhusiwi kupanda juu."

Nikangoja kugombezwa. Nilitamani anigombeze. Yeye akairudisha pakiti mfukoni polepole, akavua kofia, akavitazama vile vilima kimoja kimoja.

"Benye inchi," akasema. "Na siye tuko hapa mwaka ya tatu. Tuliingia bila hodi."

Akatembea peke yake mpaka kwenye uzio, akasimama hatua moja nyuma, pale mgeni anaposimama mlangoni asionekane anachungulia. Akaita kwa sauti ya kawaida, kama anavyoita mtu kwa jirani.

"Hodi."

Asende akacheka, Sifa akampiga kiwiko. Upepo ukavuma kwenye nyasi.

"Hodi," Papa akaita tena.

Ninyi mliolelewa kwetu mnajua jinsi hodi isiyojibiwa inavyowasha mwilini. Mimi nilikuwa nimefundishwa kuijibu kabla sijajua kuvaa viatu. Miguu yangu ilikuwa ikikanyagana. Niliona mgongo wa Papa ndani ya suti iliyompwaya, tangu aanze kazi ya kuku alikuwa amepungua, na nikajua kwamba hodi ni tatu, na ya tatu isipojibiwa mtu hurudi alikotoka.

"Hodi."

"Karibu," nikasema.

Sikupanga. Ilinitoka, sauti ndogo, ya mtoto aliye jikoni. Papa akageuka. Uso wake sikuwahi kuuona hivyo kabla wala baada. Akanitazama kama mtu asiyenijua, kisha akaketi kwenye nyasi na suti yake ya harusi, akafunika uso kwa kofia, akalia. Shemasi, mbele ya watoto tisa. Miss Karen akaja mbio, akaniuliza baba yako amesema nini. Nikatafuta neno la hodi kwa Kiingereza, nikalikosa. Nikamwambia, amewasalimia tu. Hiyo nayo ilikuwa tafsiri mbaya.

Njia nzima ya kurudi nilikaa bila kutikisika, mara ya kwanza maishani. Nilijua nimemaliza kila kitu. Kwanza nimemdanganya baba yangu mpaka akavaa suti, halafu nimewajibia marehemu wa watu, nimemchezea mbele ya wenzangu mpaka akalia. Papa aliniwekea mkono kichwani, nami nikauhesabu mkono ule kuwa huruma kwa mtoto mjinga.

Jumatatu barua ikaja. Papa akaiweka mezani, akavuta kiti. "Soma," akasema, na akaongeza, "pole pole. Kama hujui, sema hujui." Nilisoma nikiwa na kwikwi. Maneno manne nilisema sijui. Aliyapokea yote manne.

Nilipofika miaka kumi na tisa na kupata leseni ya gari, nilijua tayari kwamba liko hekalu la kweli la Wahindi, jeupe, jipya, kaskazini magharibi ya mji, nusu saa tu. Nikamwendea Papa nikiwa na funguo mkononi. Nikamwambia achukue udi wake, leo nirekebishe. Pakiti ilikuwa bado ndani ya koti la suti, haijafunguliwa.

Papa akatabasamu. "Haina lazima, mwanangu. Balishanijibu."

Nilidhani ni uzee. Nikaenda jikoni kumlalamikia Mama, aliyekuwa akichambua sombe, majani ya muhogo. Akaniuliza kama Papa hajawahi kunieleza habari za mlango. Mlango gani, nikasema. Akaendelea kuchambua huku akisimulia.

"Siku ile kule Uvira tulikimbilia mlango ya nyuma ya duka. Mchana, risasi zinalia. Papa yako akasema hodi. Kimya. Akasema tena. Kimya. Na tulisikia batu bako ndani, banapumua. Baliogopa. Nani hangeogopa? Hodi ya tatu, mutoto ya Manubai, kasichana kadogo, kakajibu 'Karibu.' Kalizoea tu, kalifundishwa adabu. Sasa umesha sema karibu, utafanya je? Manubai akakosa namna. Akafungua."

Nilisimama pale na funguo zangu. Nilikuwa nimebeba aibu ya siku ile miaka minane, nikiamini nilimliza baba yangu kwa utundu. Kumbe alikuwa akisikia komeo likivutwa.

Hatukwenda hekaluni. Pakiti alinipa nilipohamia hapa. Ijumaa, udi wa jirani unapoingia, bado siwezi kukaa. Husimama, hufagia mahali palipofagiliwa, hupanga vikombe. Na mtu yeyote akibisha, hata awe kijana wa kuleta vifurushi asiyejua neno la Kiswahili, huwa nimeshasema karibu kabla sijachungulia ni nani.