Manjano Kwenye Mtori wa Mzazi

Niseme mapema kwamba nina aibu, tena aibu ya kutosha kugawia mtaa wetu mzima wa Sekei na ikabaki ya kupeleka kanisani, maana hadi leo wanawake wa jumuiya yetu wakinikuta dukani wananiuliza, "Baba Eliya, umeshatoka ndani?" kama wanavyomsalimu mama aliyejifungua.

Mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa kwanza, mama mkwe alishuka kutoka kwake Nkoaranga, mlimani, na kondoo aliyekwisha kuchinjwa, mikungu mitatu ya ndizi (mimi huwa nasimulia kumi) na amri moja: mzazi atakunywa mtori, supu nzito ya ndizi, wenye mafuta ya kondoo asubuhi, mchana na jioni mpaka ang'ae. Mzazi akitoka ndani amekonda, anayesemwa ni mama yake. "Wiki ya tatu, Jumamosi, wanawake wanakuja kumwona mtoto," akaniambia. "Wakimkuta mwanangu amekauka, nambeba yeye na mtoto narudi nao mlimani."

Tatizo, mke wangu mafuta ya kondoo yanamkaba. Kazi ya kupeleka bakuli chumbani ilikuwa yangu, na siku ya pili tu akanisukumia: "Baba Eliya, nisaidie, mama asijue." Mimi ni mtu wa huruma. Nilimsaidia siku hiyo, nikamsaidia kesho yake, nikamsaidia mara tatu kwa siku, yeye akiishi kwa chai ya maziwa na mkate, hadi suruali zangu zote zikagoma kufunga na shingo yangu ikahamia kusikojulikana.

Hapa ndipo elimu iliponiponza. Nilimaliza masomo ya jioni nikapata C ya Biolojia, na mtu mwenye C ya Biolojia (iliyopatikana kwa kusinzia darasani baada ya kubeba saruji kutwa) hawezi kunenepa kijinga kama watu wengine. Nikaingia kwenye simu, nikasoma kwamba ndani ya manjano kuna kitu kinaitwa kurkumini, na huko maabara kimeonekana kuzuia seli changa zisikomae kuwa seli za mafuta. Sikusoma zaidi, mtaalamu hasomi hadi mwisho. Nikanunua manjano ya unga, nikawa nasimama koridoni na bakuli la mzazi, nakoroga kijiko kimoja, kesho yake viwili, mwisho vinne, mtori unawaka kama kizibao cha bodaboda, naunywa kwa amani kwamba mafuta yanaingia lakini hayana pa kukaa.

Jumamosi ikafika. Sebule imejaa wanawake, nami nimevaa shati jeupe. Mama mkwe akanipa bakuli, "Mpelekee mwenzio, akimaliza mtoke." Koridoni nikafanya kazi yangu haraka haraka, kisha nikambeba mtoto ndani ya shali yake nyeupe, nikatoka naye kwa mwendo wa mchungaji, mke wangu nyuma yangu, mwembamba kama fito.

Bibi mmoja mzee akamtazama mke wangu, akanitazama mimi, akauliza taratibu, "Samahanini wenzangu, hapa aliyejifungua ni yupi?"

Walicheka hadi vikombe vikagongana. Mama mkwe hakucheka. Alikuwa anaangalia shali: alama za vidole vitano, vya njano, mgongoni kwa mtoto. Akapandisha macho kwenye shati, halafu kwenye masharubu yangu.

"Baba Eliya, hiyo rangi ni ya nini?"

Ningeweza kusema nilikuwa napaka ukuta. Lakini swali lilikuwa la kisayansi na hadhira ilikuwepo. Nikasafisha koo. "Mama, mwilini kuna seli changa. Zikikua zinajaa mafuta. Sasa manjano, ukiyatia kwenye mtori mnono kama huu wako, kila unapokunywa..."

"Kila anapokunywa nani?"

Nikafungua mdomo nijibu, na mdomo wenyewe ulikuwa wa njano hadi kwenye magego.

Mdogo wa mke wangu, Upendo, ni muuguzi, na siku hiyo huruma aliiacha kazini. "Shemeji, hizo seli ulizosoma zilikuwa kwenye kisahani cha maabara. Kisahani hakina utumbo. Ukimeza wewe, kinachoingia mwilini ni kidogo sana, kingine unakipeleka chooni. Kwa watu bado wanatafuta jibu. Na sidhani kama kuna mtaalamu aliyeanza kwa kumla kondoo wa mzazi."

"Mama, nilimpa mwenyewe," mke wangu akajaribu kunitetea.

"Ulimpa," akasema mama mkwe. "Na yeye wiki tatu hajashiba."

Kabla chai haijaisha, nguo za mtoto zilikuwa zimeshafungwa.

Huu ni mwezi wa pili mke wangu na mtoto wako Nkoaranga. Kila Jumapili baada ya ibada napanda kile kinjia cha migombani kilichosimama kama ngazi, nikifika nahema kama ng'ombe wa kulima. Nakaribishwa vizuri, shikamoo, marahaba, kiti, halafu mke wangu analetewa mtori wa maziwa usio na tone la mafuta ya kondoo (kumbe ilikuwa ni kusema tu) na mimi naletewa glasi ya maji. Nimeapa sitagusa tena bakuli la mzazi, hata nikiombwa kwa machozi, na habari za seli nitazisoma hadi mwisho au nisizisome kabisa.

Juzi nilijikaza nikamwuliza mama mkwe wanarudi lini. Akanipima kwa macho kuanzia shingoni hadi kwenye mkanda, akamgeukia mke wangu, akampima naye.

"Mwenzio anaongezeka," akaniambia. "Na wewe endelea kupungua. Mkikutana, nitawaruhusu."