Mkutano Mkuu wa Dharura

Yule bwana sijamsamehe na sina mpango wa kumsamehe. Mke wangu husema chuki inazeesha. Basi na nizeeke. Hatujawahi kupeana mikono, tumezungumza mara moja tu, kama dakika nne, mbele za watu, na mpaka leo nikiwa naoga asubuhi hujikuta namjibu yale niliyoshindwa kumjibu siku ile.

Alikuwa mmiliki wa timu ya mpira. Usidhani ni moja ya zile timu kubwa za London ambazo jezi zake zinauzwa mpaka Kariakoo. Hii ilikuwa timu ya daraja la chini, yenye uwanja mdogo mwisho wa njia ya basi, jukwaa moja la viti, pande tatu za kusimama, na paa lililovuja upande wa wageni tu, jambo ambalo sisi wenyeji hatukulilalamikia. Nilipelekwa huko katikati ya miaka ya tisini na mwenzangu wa kazini, Mkongo wa Bukavu aliyekaa jirani nami Tottenham. Tulikuwa tunasafisha ofisi mjini, tunaanza alfajiri na kumaliza wakati wenye ofisi zao wanaingia na kutupita kama makabati. Jumamosi moja akaniambia nimsindikize mpirani. Mvua ilinyesha, tukafungwa mbili bila, na mzee mmoja Mwingereza, dereva wa basi mstaafu, akanimegea nusu ya pai lake la nyama bila kuniuliza nimetoka wapi. Tangu siku hiyo nikawa na timu.

Mwaka uliofuata nikaanza kwenda na binti yangu. Alikuwa na miaka tisa, amezaliwa London, na Kiswahili chake kilikuwa cha masikioni tu. Unamwambia alete chumvi, analeta chumvi, lakini anakujibu kwa Kiingereza. Jambo hili liliniuma kuliko baridi, kuliko kazi, kuliko kila kitu katika nchi ile. Mama yangu akipiga simu kutoka Dar, mtoto alishika simu akabaki anapumua. Nikaweka sheria: akinisemesha Kiingereza, sisikii. Sheria hiyo haikuzaa chochote isipokuwa kimya mezani.

Uwanjani mambo yakawa mengine. Walinzi wa pale walikuwa wakali kwa matusi. Ukimtukana refa, unatolewa nje. Siku moja nikampigia refa kelele, "Bwege wewe! Macho umeyaacha nyumbani?" Mlinzi akaniangalia, akatabasamu, akaendelea na doria yake. Binti yangu aliona. Haikupita nusu saa, naye akapanda juu ya ngazi na sauti yake nyembamba: "Bwege! Zuzu! Hujui mpira!" Machozi yalinilenga. Kufikia mwisho wa msimu alikuwa akibishana nami kwa Kiswahili kamili kuhusu winga wetu wa kushoto, ambaye alimpenda kupita kiasi: kwa nini hapewi mpira, kwa nini beki hapandi naye, kocha ana akili gani. Kiswahili hicho kilidumu muda wote wa mchezo, kikaingia nasi ndani ya basi, na kwa kawaida kiliisha kwenye kituo cha tano au cha sita tukielekea nyumbani. Kwa hiyo nikisema niliipigania timu ile, nilichokuwa napigania ni vituo sita vya basi.

Nikakata kadi za msimu, yangu na yake. Kadi ngumu, yenye namba, jina na nembo ya timu. Hapa ndipo kosa langu lilipoanzia. Mimi nimekulia Dar, na kwetu klabu ni ya wanachama. Baba yangu alikuwa na kadi ya klabu yake, akailipia ada kabla hajalipa kodi ya nyumba. Mwenyekiti akiharibu, wanachama wanakusanya sahihi, wanaitisha mkutano mkuu wa dharura, wanapiga kura ya kutokuwa na imani naye, na mwenyekiti anaondoka hata ikibidi apitie dirishani. Baba aliwahi kurudi kutoka mkutano mmoja wa namna hiyo shati halina mfuko, na furaha aliyokuwa nayo ungedhani ametoka harusini. Kwa hiyo nilipoishika kadi yangu ya London nikajua nimekuwa mwanachama. Hakuna aliyeniambia vinginevyo, nami sikuuliza.

Tajiri, yaani yule bwana niliyeanza naye, akaja mwishoni mwa muongo ule. Fedha zake zilitokana na maegesho ya magari. Siku ya kwanza alivaa skafu yetu, akapigwa picha katikati ya uwanja na kuahidi tutapanda daraja. Sijawahi kumwona akiruka kwa ajili ya goli. Tukifunga, alipiga makofi matatu kisha akarudi kuangalia nyasi. Mimi mjinga nilidhani anapenda nyasi.

Alianza na kipa, akamuuza tukiwa nafasi ya nne. Akafuata beki wa kati, aliyemuuza kwa timu ile ile tuliyokuwa tunagombania nayo nafasi. Kila mchezaji aliyeondoka alifuatwa na barua iliyochapwa vizuri, ikitushukuru mashabiki kwa uvumilivu ambao hakuna aliyemwambia tunao. Kisha akamtoa winga wa kushoto kwa kubadilishana na timu nyingine. Wao walichukua kijana wa miaka ishirini na moja mwenye mbio. Sisi tukaletewa mzee mwenye goti bovu, na fedha juu yake ambazo hatukuziona zikigeuka kuwa mchezaji. Habari hiyo tuliisoma kwenye teleteksti, zile kurasa za habari za maandishi kwenye televisheni za wakati ule, mimi na binti yangu, tumekaa sakafuni tukisubiri kurasa zijigeuze zenyewe. Ilikuwa mistari minne tu. Wakati huo alikuwa na miaka kumi na miwili. Akaniuliza kwa Kiswahili, tena ndani ya nyumba, jambo lisilo la kawaida, kama mtu anaruhusiwa kufanya hivyo. Nikamwambia haruhusiwi, na kwamba sisi wanachama tutamwonyesha.

Baada ya hapo ikaja kubana mishahara. Wachezaji waliobaki walisainishwa mikataba ya nusu wiki na siku nyingine wakawa wanatafuta riziki kwingine. Beki wetu wa kulia alitandika mazulia majumbani mwa watu. Mtunza uwanja akaachishwa kazi. Mama aliyefua jezi naye akaachishwa, na wachezaji wakaambiwa kila mtu akafue yake nyumbani. Haukupita muda timu ikawa inaingia uwanjani na bluu za kila aina, nyingine imepauka kama pazia la jikoni, na moja imegeuka zambarau kwa sababu mwenyewe aliichanganya na nguo nyekundu. Mashabiki wa upande wa wageni walicheka mpaka wakashikana mabega. Siku ile ningeweza kumpiga mtu.

Badala ya kupiga mtu nikanunua daftari. Nikachora safu tatu: jina, namba ya kadi, sahihi. Juu nikaandika kwa Kiingereza changu kilicho bora kwamba wanachama waliotajwa hapa wanadai mkutano mkuu wa dharura wenye ajenda moja. Nikaenda dirisha la tiketi kuomba nakala ya katiba. Dada wa pale alifikiri sana, akanipa karatasi ya maelekezo ya kutoka uwanjani moto ukitokea. Nikaamini amepewa amri ya kunificha katiba.

Mwenzangu wa Bukavu aliweka sahihi, lakini alitikisa kichwa.

"Ndugu yangu, hii timu haiko yetu," alisema. "Iko ya ule muzungu. Sisi tunakuyaka hapa kuangalia tu."

"Nyinyi mmezoea kutawaliwa," nikamjibu. Ni neno baya kumwambia mtu aliyekimbia vita, na sikuwahi kumwomba radhi ipasavyo.

Wakati nazunguka na daftari langu, kwenye nguzo ya taa nje ya lango palifungwa karatasi ya manjano ndani ya mfuko wa plastiki. Niliipita Jumamosi kadhaa. Lilikuwa tangazo la manispaa: mwenye uwanja ameomba kibali cha kubomoa na kujenga nyumba, na anayepinga aandike barua kabla ya tarehe iliyotajwa. Mimi sikulisoma. Binti yangu alilisoma, na siku hiyo hiyo, tukiwa tumeshapita kituo cha sita, akaniambia, "Dad, have you read that yellow thing on the lamp post?"

"Sisikii," nikasema.

"Dad, it's important."

"Sema lugha ya kwenu nikusikie."

Alijaribu. Lazima niseme kwamba alijaribu. "Kuna karatasi," alisema. "Kuna karatasi, Baba, wanataka..." Akakwama. Kibali, kupinga, manispaa: hayo si maneno ya kumtukania refa, na mengine sikuwahi kumpa. Akageukia dirisha. Mimi nilirudi kuhesabu sahihi zangu, ambazo zilikuwa zimepita mia, na nilikuwa na furaha kabisa.

Mkutano ulifanyika kweli, jioni moja, ndani ya baa ya klabu. Tajiri mwenyewe ndiye aliyeuitisha, akauita mazungumzo na mashabiki, lakini mimi niliamini daftari langu ndilo lililomlazimisha. Nilivaa suti. Mke wangu aliniangalia nikifunga tai.

"Baba wee, nenda ukasikilize tu," alisema. "Usitangulie kusema."

Nikamwambia kesho atasikia mwenyewe habari zangu. Binti yangu aliomba kuja, tukaenda wote.

Niliinua mkono mapema. Nikataja mauzo yote, mchezaji mmoja mmoja, nikafika kwenye jezi, na watu wakapiga meza kwa viganja. Nilijisikia baba yangu. Kisha nikatoa hoja kwamba mkutano upige kura ya kutokuwa na imani na mmiliki, nikaomba mtu wa kuniunga mkono. Hakuna mkono uliopanda, na si kwa woga. Walikuwa hawajui nimesema nini. Nikainua kadi yangu juu ili wote waione namba.

Tajiri hakukasirika, na hilo ndilo linalonikera kuliko yote. Aliinama akaitazama kadi kwa makini, akasema kwa upole kwamba hiyo ni tiketi. Tiketi nzuri, ya msimu mzima, anaishukuru familia yangu, lakini tiketi. Hisa zote ni zake, na mteja hapigi kura. Ama kuhusu uwanja, akaongeza huku akiangalia saa, kibali kimeshatoka. Tangazo lilibandikwa, muda wa kupinga umekwisha, na manispaa ilipokea barua tisa.

Barua tisa, na mimi nina sahihi zaidi ya mia kwapani, za watu wenye kalamu na anwani na hasira, ambao wangeandika lolote ambalo ningewaambia waandike. Mzee dereva wa basi, ambaye barua yake ilikuwa mojawapo ya hizo tisa, aliniuliza kwa nini sikuwaambia. Hakuniuliza kwa ubaya, alitaka kujua tu. Nikamwambia sikuliona tangazo. Binti yangu alikuwa amesimama pale pale, akasikia, akaangalia viatu vyake. Hakusema kwamba aliniambia. Kama angesema ningepata walau mtu wa kumgombeza.

Basi Tajiri akapata alichokuwa anakitazama siku zote. Timu ilihamishiwa kwenye uwanja wa kuazima katika mji mwingine, safari ndefu ya treni ambayo mimi na mtoto hatukuimudu, na baada ya misimu miwili ikafa. Mahali pa uwanja pakasimama maghorofa, yenye maegesho ya magari chini yake, bila shaka. Sijui aliishia wapi yule bwana. Natumaini si pazuri.

Msimu wa kwanza baada ya mkutano ule ulianza mwezi wa nane bila sisi. Jumamosi ya kwanza, saa tisa alasiri, nilikuwa nimekaa sebuleni bila la kufanya. Binti yangu akatoka chumbani amevaa koti. Tangu uwanja ufungwe, miezi mitatu mizima, sikuwa nimesikia neno moja la Kiswahili kinywani mwake.

"I'm going out," alisema.

Kwa kawaida ningesema sisikii. Lakini nilikuwa nimelifikiria lile basi kiangazi kizima, jinsi alivyohangaika kutafuta neno nami namwangalia anavyozama, na nilikuwa nimeamua kwamba sitamfanya bubu tena. Nilijiona baba mwema. Nikamuuliza kwa Kiingereza, Kiingereza kilichonyooka, atarudi saa ngapi.

Alisimama, mkono uko kwenye kitasa. Nilitegemea atafurahi. Akanitazama kwa chuki ile ambayo mpaka siku hiyo nilikuwa nimeiona machoni mwake ikimwendea mtu mmoja tu, yule wa kwenye viti vya mbele mwenye skafu yetu shingoni, kana kwamba mimi nami nimeuza kilichokuwa chetu. Kisha akafungua mlango, akatoka bila kunijibu kwa lugha yoyote.