Tulipojaza Mashavu Tupigwe Picha

Enzi zetu mtu akipigwa picha, mtaa mzima ulijua. Majirani walisimama mlangoni kama wanaosindikiza bwana harusi, na wewe uliyepigwa ulitembea siku hiyo yote kifua mbele. Siku hizi mtoto anapiga picha chai yake kabla hajainywa, chai inapoa, halafu anatafuta wa kumpashia.

Nasema hivi kwa sababu hapa kwangu Kawangware, karibu na stage ya matatu ya 56, wiki nzima hakuna kazi nyingine. Mjukuu wangu Mwende ametafuta mpiga picha aje atupige familia yote. Lakini si picha ya kupangwa mstari. Anataka tuonekane tumekaa tu, tunaongea, tunamenya viazi, kama watu wasiojua kamera iko. Na ili tuonekane hatujui, mimi nimenunuliwa shati la rangi ya maziwa, wake za wanangu wamesuka upya, ukuta umepakwa rangi, na jana watoto walikuwa wakifanya mazoezi ya kucheka. Mazoezi! Nilipotokea na suti na tai, Mwende akashika kichwa.

"Babu, zii! Hiyo suti ni ya matanga. Kaa tu nachuro."

"Nachuro ni nini?"

"Ni kama haujajiandaa."

"Basi mngeniacha na nguo niliyoamka nayo."

Akacheka, lakini tai akanivua kwa mkono wake. Nikamwacha. Mimi shule niliishia darasa la tatu, na hii ploti nimeijenga jiwe kwa jiwe bila kuambiwa na mtu nivae nini. Ila mjukuu ana nguvu ambazo hata chifu hana.

Nikakaa hapo nje, shingo wazi, nikakumbuka siku sisi wenyewe tulipojiandaa kupigwa picha, kule Mashimoni, Kibera. Nyinyi wa rika langu mtanielewa.

Nyumbani tulikuwa watoto watatu: mimi Mutua, ndugu yangu Kioko, na Mwikali aliyekuwa bado anatambaa. Baba alikuwa kibarua Industrial Area, anaenda kwa miguu na kurudi kwa miguu. Chumba chetu kilikuwa kimoja cha udongo, bati juu, na mvua ikinyesha ilibidi mpigiane kelele ndipo msikizane. Lakini raha tulikuwa nayo. Mpira tuliufunga wenyewe kwa makaratasi na kamba. Tuliteleza na maboksi kwenye mteremko wa reli hadi kaptura zikatoboka. Tulilaza sikio kwa chuma tusikie kama treni inakuja, na mama akijua anakuchapa kwanza, maswali baadaye. Ukitumwa maji unapitia Kisumu Ndogo makusudi, unuse omena, wale dagaa wa ziwani, wakikaangwa, harufu unaishiba bure. Tukirudi nyumbani miguu ilikuwa imepauka kama tumekanyaga unga.

Hiyo miguu ndiyo ilituletea shida. Kulikuwa na mama wa kwetu Kitui, Mama Kanini, aliyekuja Nairobi kuuza vyondo, vikapu vya kusuka, na kufikia kwetu. Alirudi kijijini akamwambia Susu, yaani nyanya yetu mzaa baba, kwamba wajukuu wake wamekonda, wamepauka, wanacheza kwa mtaro kama bata. Safari iliyofuata akaja na ujumbe wa mdomo. Aliutoa akiwa amesimama, mzigo bado mgongoni.

"Susu amesema kama watoto hawashibi Nairobi, warudishwe kwake. Mbuzi wapo, maziwa yapo. Nikirudi nirudi nao."

Mama aliendelea kukoroga uji ambao ulikuwa umeshaiva. Baba hakuwa mtu wa kubishana na mamake. Mimi Kitui niliipenda, lakini kuipenda kwa likizo ni kitu kimoja na kuachana na mama ni kingine. Kioko alijificha nyuma ya mtungi, akasema haendi hata avutwe na treni.

Wazo lilitoka kwa mama. "Mamako haamini maneno," akamwambia baba. "Ataamini macho. Tupigwe picha tuonekane tumeshiba. Mama Kanini aende na picha, watoto wabaki."

Mama Kanini hakukataa. "Mimi ni miguu tu," akasema. "Nikipewa watoto nitabeba, nikipewa picha nitabeba."

Mpiga picha alikuwa Ramadhani, Mnubi wa Makina, hapo hapo Kibera, mtu wa kofia nyeupe na maneno mengi. Alikubali kuja Jumapili, watu wakitoka kanisani.

Sasa hayo ndiyo yalikuwa maandalizi! Mama alitusugua kwa jiwe mpaka nikadhani anatafuta mtoto mwingine chini ya ngozi yangu. Akatupaka mafuta ya kupikia, tukang'aa, nzi wakatufuata kama askari. Baba aliazima koti kwa fundi cherehani jirani, koti la mteja ambaye hakuwa amekuja kulichukua. Viatu vilikuwa pea moja. Mimi kifungua mimba nikavaa, Kioko akaambiwa asimame nyuma ya kigoda miguu isionekane. Na chakula je? Tangu alfajiri ni isyo, mahindi na maharagwe, sahani ikiisha inajazwa. Mama alitaka matumbo yaonekane. Hata baba alilishwa.

"Kula," mama akamwambia. "Wewe ndiye mwanawe. Ataanza kukuangalia wewe."

Kisha akatupa amri ya mwisho. "Ramadhani akisema tayari, vuteni hewa, mjaze mashavu, mshike hivyo hivyo. Tuonekane wanene."

Tukapangwa mbele ya shuka iliyotundikwa ukutani. Majirani wakajaa. Ramadhani akasimamisha kamera yake ya miguu mitatu, akainama. "Tayari?"

Tukajaza. Akainua kichwa taratibu.

"Mama Mutua, hawa watoto wanaumwa na meno?"

"Wewe piga."

"Nipige nini? Mimi naona vyura." Akageuka. "Hata wewe, Baba Mutua?"

Baba hangeweza kujibu. Mdomo ulikuwa umejaa hewa.

Ramadhani akatikisa kichwa, akarudi kwa kamera. "Haya. Mtu asitikisike."

Pakawa kimya, hata kuku walinyamaza. Na katika kimya hicho, baba akajamba. Nisitafute neno la heshima, alijamba, na isyo ikasikika.

Mjue kwamba baba yangu hakuwa mtu wa kuchekwa. Akikohoa tu nje, sisi ndani tunakaa wima. Kwa hiyo hakuna aliyethubutu. Nilishika hewa yangu mpaka machozi yakatoka. Kwanza yakapasuka mashavu ya Kioko. Mama akafunika uso kwa leso, mabega yakamtetemeka. Halafu jirani mmoja akasema kutoka mlangoni, "Huyo sasa ameshiba!" Na baba, baba mwenyewe, akaangua kicheko ambacho sikuwahi kukisikia tangu nizaliwe. Tukavunjika mbavu wote.

Kamera ikalia.

"Imetoka," Ramadhani akasema.

Mama akaacha kucheka. "Nini imetoka?"

"Picha."

"Hiyo? Piga nyingine!"

"Filamu imeisha, mama. Mpaka niende mjini."

Alipotuletea, mama aliishika kwa vidole viwili. Baba amerusha kichwa nyuma, meno yote nje, koti limefunguka. Kioko ameshika tumbo, miguu mitupu inaonekana. Kilemba cha mama kimeanguka na Mwikali anakivuta. Mimi nimegeuka, namwangalia baba.

"Hii haiendi," mama akasema. "Atasema mji umetutia wazimu. Atachukua watoto na wewe juu."

Lakini vyondo vilikuwa vimeisha na Mama Kanini alikuwa anaondoka asubuhi. Baba akaifuta picha kwa mkono wa shati, akampa. Mama alikunja nguo zetu, mimi na Kioko, akazitia kwenye kikapu, akakiweka karibu na mlango. Kikapu hicho kilikaa hapo mpaka Mama Kanini akarudi, na kila tukitoka kucheza tulikipita tukijifanya hatukioni.

Aliporudi, mama hakumpa hata maji. "Amesemaje?"

"Aliipeleka mlangoni penye mwanga," Mama Kanini akasema. "Akaiangalia mpaka mimi nikachoka. Akaniuliza, 'Huyu anayecheka ni mwanangu?' Nikamwambia ndiye. Akasema, 'Tangu tumzike babake, sijaona meno ya huyu mtoto. Waache watoto huko huko.'"

Baba alitoka nje. Mama akakishika kikapu, akakimwaga chote kitandani, nguo na kila kitu.

Susu aliichomeka picha ile kwenye ukuta wa nyumba yake mpaka moshi ukaila. Sikubaki na nakala. Hatukujua hata kama mtu anaweza kuwa na nakala.

Basi mpiga picha wa Mwende alikuja, kijana wa suruali iliyochanika magoti, akatupiga mpaka mkono ukamchoka. Tulimenya viazi ambavyo hakuna aliyevipika. Kusema kweli picha ni nzuri, na mimi nimetoka mzee wa heshima hata bila tai. Nikamuuliza Mwende, "Hizi zinaenda kwa nani?"

"Kwa watu, Babu."

"Watu gani?"

Akafikiria, simu mkononi. "Watu tu."

Sikubishana naye. Sisi tulikuwa na picha moja, mbaya, na tulijua ni nani anayeingojea. Za kwao ni nyingi na zinapendeza, zimeshaondoka hata kabla sijavua shati. Mimi nimebaki hapa nikijiuliza zitafika mlango gani, na kama huko kuna mtu wa kuzitoa penye mwanga azitazame.