Kipimo kilisema nina joto, mimi natetemeka mezani

Wakuu, poleni na mihangaiko. Leo naleta la furaha, na sitatia chumvi hata punje.

Ilikuwa Butembo, mashariki ya Kongo, miaka ya vita. Mimi mtu wa Beni, kwetu Mulekera jua si la kuomba. Nimeolewa Kimemi, hapo hapo Butembo, ambako baridi haina likizo.

Mimba ya kwanza, mtoto kakaa vibaya, daktari akasema nipasuliwe.

Kabla sijaingia, mamamkwe akanichora msalaba wa mafuta ya baraka kwenye paji la uso. Ukoo mzima ukafuata, kila mtu na msalaba wake. Wakatoliki wa huku hatubariki kwa kubania. Niliingia nang'aa kama andazi.

Nikadungwa sindano ya mgongo: chini ganzi, akili macho. Njia zilifungwa, mafuta ya jenereta adimu, kwa hiyo hita hakuna.

Infirmière, yaani muuguzi, akanibandika kijikanda cha plastiki kwenye paji. Hakichomi wala hakiumi, namba ya joto lako inawaka kijani tu.

Kikateleza. Akakirudisha, kikateleza tena. Mwishowe akakikandamiza kwa kidole.

Nami meno yanagongana. Niliogopa kweli, nikajua nakufa kabla sijamwona mwanangu.

"Mama, nasikia baridi mingi," nikamwambia.

"Mais joto yako iko bien. Namba inawaka."

"Ile hapana yangu, mama. Ni ya kidole yako."

Daktari akacheka ndani ya barakoa. "Toa kidole, panguza ile mafuta."

Wakapangusa, kijikanda kikashika, namba ikashuka hadi chini kabisa. Kicheko kikaisha.

Infirmière akamwita mamamkwe, aliyekuwa uani akipika kwenye mbabula, jiko la makaa, kama ndugu wote wanaolinda wagonjwa wao. Vitenge vya ukoo vikapashwa juu ya makaa, vikaletwa kwa zamu, vya mabegani na vya mikononi. Vilinuka moshi na sombe, yale majani ya muhogo aliyokuwa akipika. Wakuu, raha ile siwezi kuieleza.

Namba ikapanda polepole. Kisha mtoto akalia. Msichana wa kwanza, na kwa desturi yetu huyo huitwa Masika. Wakamlaza kifuani kwangu, nikalia naye.

Mamamkwe mpaka leo anasema mafuta yake ndiyo yaliyoniokoa. Sibishani naye, maana vitenge pia vilikuwa vyake.

Funzo: kipimo tukiheshimu, lakini ukisikia baridi sema, hata mbele ya makoti meupe. Mwili ni wako.

Haya, mliojifungua miaka ile ya vita, ninyi nani aliwapasha joto?