Sura Iliyochongwa Kwenye Kombe

Juzi, katika duka la dawa mjini Malindi, mwuzaji alifungua chupa ya mafuta ya lozi mbele yangu nikasahau nilichofuata. Harufu ile ilinirudisha sebuleni kwa Sinyora, bibi wa Kitaliano aliyemwajiri mama kufanya usafi.

Sinyora alikusanya vito vya zamani vilivyochongwa kwenye makombe ya baharini: nyuso nyeupe za wanawake wenye pua ndefu, zimeinuka juu ya rangi ya hudhurungi. Alituambia makombe mengine yalitoka pwani hii hii yetu, yakapelekwa kwao kuchongwa tangu enzi za babu zake. Mama alivipaka mafuta ya lozi visipasuke, kimoja kimoja, kama anayeogesha kitoto kichanga.

Likizo moja, nikiwa na miaka tisa, kito kimoja kikakosekana. Sinyora hakumtaja mtu, ila alianza kukaa sebuleni kila mama anapofagia. Nami nikaanza kumchunguza mama. Mbona siku hizi akirudi anajifungia chumbani? Mbona sanduku lake amelifunga kamba? Alipokwenda kuteka maji nikalifungua. Chini ya leso zake, ndani ya kitambaa, palikuwa na kombe lenye sura ya mwanamke. Sikuitazama vizuri. Nilichoona akilini ni polisi wakija kumchukua.

Kesho yake nilifuatana naye kazini, nikalitumbukiza kwenye droo ya vito.

Sinyora alilikuta kabla ya adhuhuri. Akamwita mama, akalisogeza dirishani.

“Kadzo, hili si langu. Huyu ni nani?”

Mama alinitupia jicho mara moja tu. “Ni mama yangu, Sinyora. Nilimchonga mwenyewe. Amefariki, na hatuna picha yake.”

Hapo ndipo nilipoiona pua pana ya bibi yangu, na kilemba chake kilichokaa upande.

Sinyora aliketi. “Nisamehe,” alisema. Kito chake hakikuonekana kamwe.

Njiani mama aliniuliza taratibu, “Ulidhani nimeiba?”

“La, mama.”

Akanishika mkono, tukaendelea kutembea. Miaka mingi niliamini kwamba alinisadiki. Mpaka binti yangu mwenyewe aliponiongopea huku akinitazama machoni, nami nikajifanya nimemsadiki, ndipo nilipoelewa kuwa mama alijua. Sinyora alimwomba radhi siku ile ile. Mimi bado.